Ukisafiri, mbwa wako unamwachia nani?

Daudi alipotumwa na baba yake kuwapelekea kaka zake chakula vitani, aliamka alfajiri na mapema. Kabla hajaondoka alifanya jambo moja ambalo wengi wetu tunaliruka tukikimbilia habari za Goliathi. Aliwakabidhi kondoo kwa mtu wa kuwatunza. Soma Samweli wa Kwanza 17:20. Mbele kidogo, mstari wa 28, kaka yake mkubwa Eliabu anamjia juu, anataka kujua kondoo wale wachache amemwachia nani kule nyikani. Eliabu aliuliza kwa hasira na wivu, lakini swali lenyewe lilikuwa zuri.

Ndugu msomaji, nami nakuuliza: ukisafiri, mbwa wako unamwachia nani? Na paka wako je?

Kila Desemba swali hili linabisha hodi kwetu. Familia inafunga mizigo kwenda kula Krismasi Moshi, Bukoba au Mbeya. Tiketi za basi zimekatwa mapema, zawadi za bibi na babu zimefungwa vizuri. Mbwa anaachiwa mlinzi au dada wa kazi kwa neno moja getini: "Utamwangalia." Atakula nini, hakuna aliyesema. Hela ya dona na dagaa haikuachwa. Akiugua apigiwe nani, hakuna ajuaye. Wiki mbili baadaye familia inarudi, inamkuta mbwa mbavu nje, na lawama zote zinamwangukia aliyeachiwa.

Ziko nchi ambako kumtunza mnyama wa mtu aliyesafiri ni kazi kamili yenye taratibu zake. Nchini Marekani chama cha kitaifa cha watu wa kazi hiyo kilianzishwa mwaka 1989. Mwaka 1994 Patti Moran akaanzisha kingine, Pet Sitters International, katika jimbo la North Carolina. Watunzaji hawa hawamhamishi mnyama. Wanamfuata nyumbani kwake, kwa sababu wanyama wengi, paka hasa, wanatulia pale wanapopajua kwa harufu na kwa mazoea. Kwetu kazi hiyo mara nyingi inaangukia kwa mlinzi, dada wa kazi au kijana wa jirani. Hata hivyo yapo mambo manne ya kujifunza kwa wale walioifanya kuwa taaluma.

Jambo la kwanza ni kuuliza kabla ya kupokea. Mtunzaji mzuri hafiki kwa mara ya kwanza siku ya safari. Anakuja mapema, mwenye nyumba akiwepo, ili mnyama amzoee. Anauliza na kuandika. Anakula nini, kiasi gani, saa ngapi? Ana dawa? Amechanjwa lini? Anaogopa nini? Daktari wake wa mifugo ni nani? Akiugua usiku na simu yako haipatikani, nani aamue na nani alipe? Hata ufunguo anaujaribu mlangoni mwenyewe akiwa bado yupo. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Ugomvi mwingi kati ya mwenye mali na mtunzaji unatokana na maswali ambayo hayakuulizwa siku ya kwanza.

Jambo la pili ni kuangalia kwa makini. Kujaza bakuli na kuondoka hakutoshi. Kama mbwa ni wawili na mabakuli yote ni matupu, huenda mmoja amekula vyote na mwenzake analala njaa. Mtunzaji anabadilisha maji, anafagia, anasafisha sanduku la mchanga la paka, na hapo hapo anatazama kinyesi na mkojo, kwa kuwa ugonjwa mara nyingi hujionyesha huko kwanza. Anajua kwamba paka akikaa siku kadhaa bila kula, ini lake linaweza kuharibika. Anajua kwamba paka dume anayejikaza bila kutoa mkojo hapaswi kusubiri kesho. Anajua chokoleti, zabibu na vitunguu ni sumu kwa mbwa, hata kama mtoto wa jirani amempa kwa upendo. Kabla ya kufungua geti anahakikisha mbwa yuko wapi. Mkesha wa Mwaka Mpya anamwingiza ndani kabla fataki hazijaanza, maana mbwa mpole akishtuka anaweza kuruka ukuta na asionekane tena.

Mithali 12:10 inatufundisha kwamba mwenye haki anajali uhai wa mnyama wake. Huwezi kujali usichokijua. Kujali kunaanza kwa kutazama.

Jambo la tatu ni kusema ukweli. Kila siku mtunzaji anatuma taarifa: amekula kiasi gani, ametembea, amelala, na picha moja au mbili. Habari mbaya nayo anaitoa siku ile ile. Mbwa akichechemea, anasema leo. Haombei apone kimya kimya kabla mwenyewe hajarudi.

Hapa Biblia imetutangulia. Kutoka 22:10-13 inazungumzia kesi ya mtu aliyemkabidhi jirani mnyama wake amtunzie. Mnyama amekufa au ameumia, na hakuna aliyeona. Mtunzaji atatoa wapi shahidi? Sheria ya Musa ilimtaka aape mbele za Bwana kwamba hakumdhulumu mwenzake, na mwenye mali alipaswa kukikubali kiapo hicho. Mnyama akiibiwa mikononi mwake, mtunzaji alilipa. Akiraruliwa na mnyama wa porini, alileta mabaki kama ushahidi, naye hakulipa. Ona jinsi Mungu anavyowatendea haki wote wawili. Mtunzaji hasamehewi uzembe, wala habebeshwi msiba ambao hakuusababisha. Na pale ambapo macho ya watu hayakufika, Mungu mwenyewe ndiye shahidi.

Jambo la nne ndilo gumu zaidi: kufanya kazi pasipo kuonekana. Mtunzaji amelipwa akae nusu saa. Akikaa dakika tano na kuondoka, nani atajua? Mwenye nyumba yuko mbali. Mbwa hatasema. Paka hana pa kupeleka mashtaka. Tabia ya mtu hupimwa hapo, anapomtunza asiyeweza kumshtaki. Katika Luka 16:10-12 Yesu anaunganisha uaminifu katika kidogo na uaminifu katika kikubwa, kisha anagusa uaminifu katika mali ya mtu mwingine. Ukimnyima maji mbwa wa jirani kwa kuwa hakuna anayekuona, siku ukikabidhiwa fedha za kikundi au za kanisa utafanyaje?

Wapo wanaodhani anayelipwa hawezi kuwa na moyo. Wanamtaja mchungaji wa mshahara wa Yohana 10, aliyekimbia alipomwona mbwamwitu. Lakini kosa la mtu yule ni kwamba hakuwajali kondoo. Yakobo naye alilipwa. Alimtumikia Labani miaka 20, na katika Mwanzo 31:38-40 anaeleza alivyopigwa na joto mchana na baridi usiku, na jinsi alivyobeba mwenyewe hasara ya mnyama aliyeraruliwa. Mshahara haukumzuia kujali.

Sasa tugeuke upande wa pili, kwa sisi tunaosafiri. Usidai uaminifu wa Yakobo huku ukiwa na mkono mfupi kama wa Labani, ambaye Yakobo alilalamika kwamba alimbadilishia ujira mara kumi. Unayemwachia mbwa amepewa kazi juu ya kazi aliyokuwa nayo. Mlipe. Acha hela ya chakula na ya daktari. Andika karatasi uibandike jikoni.

Na kabla ya yote, mchanje mbwa wako. Vifo karibu vyote vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa huanzia kwenye kung'atwa na mbwa. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Anayeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali mara moja akaanze chanjo. Tuseme dada wa kazi ameng'atwa na mbwa wako tarehe 26 Desemba, wewe uko kijijini unachoma nyama. Ana nauli ya kwenda hospitali? Nani atalipia sindano zake, na zile zinazofuata? Ataogopa kukupigia simu asije akafukuzwa kazi? Kama jibu linakutisha, usifunge safari kabla hujalirekebisha. Ukimwachia mtu mbwa asiyechanjwa na mfuko mtupu, umeyaweka maisha ya mtu huyo rehani. Mwenye haki anayejali uhai wa mnyama hawezi kuusahau uhai wa mtoto wa mwenzake.

Mtu anaweza kusema mbwa ni mbwa tu, kwamba Mungu ana mambo makubwa zaidi. Basi asome kitabu cha Yona mpaka mwisho. Mungu anaeleza kwa nini anauhurumia mji wa Ninawi. Anataja maelfu ya watu wake, na neno lake la mwisho katika kitabu chote ni juu ya wanyama waliokuwa wengi mjini humo. Kwetu Tanzania hata sheria ya nchi imelitambua jambo hili: tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008.

Zaidi ya hayo, wewe mwenyewe ni mtunzaji. Mbwa unayemwita wako ni wa Mungu, kama dunia yote ilivyo yake kwa maneno ya Zaburi ya 24. Mwanadamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Mwenye mali atarudi, naye hatahitaji picha wala taarifa kwenye simu ili ajue tulivyotenda.

Yule mtu aliyewatunza kondoo wa Daudi hakuandikwa jina lake. Hakuna aliyemshangilia siku Goliathi alipoanguka, kwa kuwa hakuwepo. Alikuwa nyikani na kondoo wachache wa mtu mwingine. Lakini kwa sababu yake Daudi alikwenda vitani pasipo kuacha kazi ya baba yake ikiharibika. Kama wiki hii kuna mtu anayekutunzia kitu chako, iwe mbwa, ng'ombe, nyumba au mtoto, mpigie simu umshukuru. Na kama wewe ndiye uliyekabidhiwa, leo jioni kaangalie tena kama maji yapo kwenye bakuli.

Jumapili njema.