Mgodi Ulionunuliwa kwa Viinua Mgongo: Kijiji cha Hirwaun, Wales

Hirwaun ni kijiji kilichoko mwanzoni mwa bonde la Cynon, Wales Kusini, nchini Uingereza. Kwa lugha ya Kiwelshi jina hilo lina maana ya uwanda mrefu. Katika uwanda huo watu walilisha mifugo mpaka mwaka 1757, kilipojengwa kiwanda cha kuyeyusha chuma. Tangu hapo riziki ya kijiji ilitegemea tanuri, na baadaye makaa ya mawe.

Mali hiyo ilikuwa ya wenye viwanda. Mwaka 1819 kiwanda kilinunuliwa na ukoo wa Crawshay, uliokuwa tajiri kwa biashara ya chuma. Mfanyakazi alikuwa na mshahara wake tu, na mshahara uliposhuka alikopa. Mwishoni mwa Mei 1831 wajumbe wa mahakama ya madeni walifika karibu na Hirwaun kuchukua mali ya Lewis Lewis. Majirani zake wakawazuia. Siku chache baadaye mji wa jirani wa Merthyr Tydfil uliwaka moto wa maasi. Inasimuliwa kwamba wakati huo watu waliinua bendera iliyochovywa katika damu ya ndama, na wengi huitaja kuwa miongoni mwa bendera nyekundu za kwanza za wafanyakazi. Maasi yalizimwa kwa bunduki, lakini fundisho moja lilibaki: deni la mtu mmoja likibebwa na majirani huwa jepesi.

Fundisho hilo liliendelezwa katika mabonde ya Wales Kusini kwa njia za amani. Wachimbaji walikubali kukatwa senti kidogo katika mishahara yao, na kwa senti hizo wakajenga kumbi za mikutano, maktaba na vyumba vya kusomea. Walikuwa na vikundi vya kwaya, bendi za tarumbeta na timu za raga. Kwa hiyo watu walizoea kuchanga, kuweka hesabu, kuchagua kamati na kuihoji, muda mrefu kabla hawajamiliki mgodi wowote.

Uchimbaji katika mgodi wa Tower, juu ya Hirwaun, ulianza mwaka 1864. Mgodi huo ulipewa jina la mnara uliojengwa na Francis Crawshay mwaka 1848. Kazi yake haikuwa ya mchezo, kwani mlipuko wa mwaka 1962 uliua wachimbaji tisa. Migodi ya Uingereza ilitaifishwa tarehe 1 Januari, 1947. Lakini baada ya mgomo mkubwa wa mwaka 1984 hadi 1985 ilifungwa mmoja baada ya mwingine. Mwezi Aprili 1994 ikawa zamu ya Tower, mgodi wa mwisho wa kina kirefu katika Wales Kusini. Shirika la makaa lilisema kwamba mgodi hauwezi kuleta faida. Mbunge Ann Clwyd alishuka chini ya ardhi akakaa huko saa 27 kwa kupinga, lakini mgodi ulifungwa.

Hapo ndipo wachimbaji 239, wakiongozwa na Tyrone O'Sullivan, katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, walipoamua kuununua. Kila mmoja alitoa pauni 8,000 kutoka katika kiinua mgongo chake. Jumla yake ilizidi pauni milioni 1.9, na bei iliyokubaliwa ilikuwa pauni milioni 2. Uamuzi huo haukuwa mwepesi. Kwa mtu aliyepoteza kazi, fedha hizo ndizo zilizokuwa akiba ya nyumba yake, na kama mgodi ungeshindwa zisingerudi.

Kisheria Tower ilikuwa kampuni, lakini iliendeshwa kwa misingi ya ushirika. Hisa zilikuwa sawa, na kila mwenye hisa alikuwa na kura moja, awe mchimbaji au kiongozi. Wala hawakudhani kwamba umoja unatosha bila utaalamu; walimwita Philip Weekes, mhandisi mzoefu wa migodi, awe mwenyekiti. Tarehe 2 Januari, 1995, waliandamana kurudi mgodini kama wenye mali.

Mgodi ulioambiwa hauna faida ukafanya kazi miaka 13 na kupata faida. Mwaka 1999 mtunzi Alun Hoddinott aligeuza habari zake kuwa opera. Mwezi Januari 2008 mgodi ulifungwa tena, mara hii kwa sababu makaa yaliyoweza kuchimbwa yalikuwa yamekwisha. Tangu mwaka 2021 watalii huenda huko kuteleza kwenye nyaya zilizotandazwa juu ya mlima.

Katibu wa chama cha msingi anaweza kuona mambo mawili katika habari hizi. La kwanza, mchango mkubwa wa mwaka 1994 uliwezekana kwa kuwa michango midogo ya miaka mingi ilikuwa imetunzwa kwa uaminifu. Mwanachama hakabidhi akiba yake kwa daftari asilolijua. La pili, ushirika hauwezi kuongeza makaa ardhini. Unachoweza ni kuhakikisha kwamba, maadamu mali ipo, waitoao jasho ndio wanaoamua juu yake, na kwamba siku inapokwisha wanaambiwa ukweli na wenzao waliowachagua.