Gari dogo, gharama kubwa: mafunzo ya wenye magari Kenton

Leo tunakupeleka Kenton, kitongoji kilicho kaskazini-magharibi ya jiji la London, ambako barabara ya Kenton Road ndiyo mpaka, kwa sehemu kubwa, baina ya halmashauri za Harrow na Brent.

Huku Kiswahili si lugha ngeni. Familia nyingi zenye asili ya Kihindi zinazoishi eneo hili zilipitia Afrika Mashariki kwanza. Baadhi ziliondoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960. Nyingine zilifukuzwa Uganda mwaka 1972, pale Rais Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 wawe wameondoka. Hadi leo, katika mikahawa ya Kigujarati ya kaskazini-magharibi ya London, muhogo wa kukaanga huuzwa kwa jina la mogo.

Ni mtaa wa nyumba zenye nafasi ya kuegesha gari mbele ya mlango. Watoto hupelekwa shule, wazee hupelekwa hekaluni au katika hospitali ya Northwick Park iliyo jirani. Si ajabu basi kwamba gari dogo la aina ya SUV limependwa sana. Limeinuka, mtu mzima haimlazimu kuinama ili aingie, na sura yake inafanana na ya yale magari makubwa ya safari.

Lakini wapo walionunua gari la namna hiyo wakajikuta wanamjua fundi kuliko wanavyomjua jirani. Kwa nini gari hupendeza machoni na kusumbua barabarani? Na aliyeuziwa gari bovu ana haki gani?

Mfano wa Freelander

Mfano unaojulikana zaidi nchini Uingereza ni Land Rover Freelander ya kwanza, iliyoanza kuuzwa mwaka 1997. Kwa miaka kadhaa lilikuwa miongoni mwa magari ya magurudumu manne yaliyouzwa kwa wingi zaidi barani Ulaya. Utengenezaji wa toleo hilo ulikoma mwaka 2006.

Kampuni yenyewe nayo ilibadilisha wenyewe. BMW ya Ujerumani iliyokuwa ikiimiliki iliiuza kwa Ford ya Marekani mwaka 2000, na mwaka 2008 ikanunuliwa na Tata ya India.

Matoleo ya petroli ya lita 1.8 yalitumia injini iliyoitwa K, iliyobuniwa na kampuni ya Rover na kuanza kuuzwa mwaka 1989. Mwanzoni ilikuwa injini ndogo na nyepesi, iliyosifiwa na wahandisi. Baadaye ikapanuliwa hadi lita 1.8, kisha ikapewa kazi ya kuvuta gari zito kuliko yale yaliyokusudiwa awali.

Udhaifu wake ulikuwa kwenye gasketi ya silinda hedi, yaani ule utando unaoziba mahali hedi inapokutana na bloku ya injini. Gasketi hutenganisha vitu vitatu visivyopaswa kuonana: moto wa ndani ya silinda, oili na maji ya kupozea.

Katika injini hiyo, boliti ndefu zilipita kutoka juu hadi chini na kuzibana sehemu zote pamoja. Hedi na bloku zilikuwa za aluminiamu, na maji ya kupozea yalikuwa machache. Themostati ilipofunguka ghafla, maji baridi ya rejeta yaliikuta injini ikiwa moto. Chuma kinachotanuka na kusinyaa kila siku huisugua gasketi hadi inachoka. Pini za plastiki zilizosaidia kuiweka hedi mahali pake nazo hazikuwa imara vya kutosha, na baadaye zilibadilishwa kwa za chuma.

Dalili zake wenye magari walizijua kwa uchungu. Maji hupungua bila kuonekana yanakovujia. Ute wa rangi ya maziwa huonekana chini ya kifuniko cha oili. Moshi mweupe wenye harufu tamu hutoka nyuma. Mwishowe gari huchemsha, mara nyingi likiwa katika msongamano, abiria wamejaa.

Hapo ndipo methali ya wahenga inapothibitika: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Aliyeona maji yamepungua akasimama, alibadilishiwa gasketi na bomba. Aliyesema "nitafika tu", mara nyingi alikuta hedi imepinda, na bei ya matengenezo ikakaribia au hata kuizidi thamani ya gari lenyewe.

Tairi mbili mpya zinapoleta balaa

Tatizo la pili halikuwa la injini. Freelander ya kwanza ilipeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma kwa propela shafti yenye kiungo maalumu katikati, kilichojazwa mafuta mazito ya silikoni. Magurudumu ya mbele yakiteleza, mafuta hayo hukaza na kuyavuta ya nyuma.

Kadiri miaka inavyopita, kiungo hicho hukaza hata pasipo haja. Magurudumu ya mbele na ya nyuma huanza kushindana, na kinachovunjika ni giaboksi ndogo ya mbele inayogawa nguvu hizo.

Wengi waliharakisha uharibifu huo bila kujua. Mtu hununua tairi mbili mpya badala ya nne, au huchanganya tairi za kampuni tofauti. Tofauti ndogo ya ukubwa hukifanya kiungo kifanye kazi bila kupumzika. Baadhi ya wamiliki waliamua kuiondoa kabisa propela shafti na kuliendesha gari kwa magurudumu ya mbele pekee. Gari lililonunuliwa kwa sababu ya magurudumu manne likabaki na mawili.

Je, kosa ni la gari pekee?

Haki lazima itendeke. Usione vyaelea, vimeundwa. Na vilivyoundwa vinahitaji kutunzwa. Safari za Kenton ni fupi: shule, duka, kituo cha treni. Injini haipati joto lake la kufanyia kazi.

Kwa SUV za dizeli za miaka ya karibuni tatizo limechukua sura nyingine. Chujio la masizi lililo katika ekzosi hujisafisha kwa joto kali, joto lisilopatikana katika mwendo wa dakika kumi. Chujio likiziba, taa huwaka na gari hupoteza nguvu. Kulitoa si dawa: tangu Februari 2014, gari lililotengenezwa na chujio hilo likikaguliwa bila ya kuwa nalo, haliwezi kufaulu.

Tena kuna hewa ya jiji. Tangu Agosti 29, 2023, eneo la ada ya hewa safi limezifikia halmashauri zote za London, Harrow na Brent zikiwemo. Gari lisilotimiza masharti lilianza kulipishwa pauni 12.50 kwa siku, na dizeli nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa mwaka 2015 zimo katika kundi hilo.

Haki za mnunuzi

Nchini Uingereza, sheria ya haki za wanunuzi iliyoanza kutumika Oktoba mosi, 2015, inasema gari linalouzwa na mfanyabiashara, hata likiwa limetumika, liwe na ubora wa kuridhisha kwa kuzingatia umri wake na bei yake.

Kasoro ikijitokeza ndani ya siku 30, mnunuzi anaweza kulikataa gari na kurudishiwa fedha zote. Baada ya hapo, muuzaji hupewa nafasi moja ya kulitengeneza. Akishindwa, mnunuzi anaweza kulirudisha, ingawa fedha fulani zinaweza kukatwa kwa matumizi. Katika miezi sita ya mwanzo, ni juu ya muuzaji kuthibitisha kwamba kasoro haikuwapo siku ya mauzo.

Lakini anayenunua kwa mtu binafsi, pengine kwa rafiki wa rafiki, hana kinga hiyo. Muuzaji huyo anatakiwa tu awe na haki ya kuliuza gari na asidanganye katika maelezo yake. Ndiyo maana ni busara kuyaweka maelezo hayo katika maandishi, hata baina ya ndugu.

Kuna silaha nyingine isiyo na malipo. Kwa namba ya usajili tu, mtu yeyote anaweza kusoma katika intaneti historia ya ukaguzi wa kila mwaka wa gari, pamoja na kilomita au maili lilizokwenda. Hata hivyo cheti cha ukaguzi kisimlaze mtu usingizi. Hakikagui hali ya injini, klachi wala giaboksi.

Hadi Mombasa na Dar es Salaam

Suala hili haliishii London. Uingereza, kama Kenya, Tanzania na Uganda, huendesha upande wa kushoto wa barabara, na magari yake yaliyotumika husafirishwa kwetu. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka 8, na Uganda ilipiga marufuku yaliyozidi miaka 15 kwa sheria ya mwaka 2018. Lakini umri si afya.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukionyeshwa SUV ndogo inayong'aa, omba uikute injini ikiwa baridi. Fungua kifuniko cha oili, tazama kiwango cha maji, linganisha tairi zote nne. Kisha kata usukani mpaka mwisho na urudi nyuma polepole. Gari likijizuia kana kwamba limekanyagiwa breki, mshukuru mwenyewe kwa muda wake, na fedha zako zirudishe mfukoni.