Jirani akileta mgonjwa, nani alipe? Uzi kuhusu ambulensi na kaunti zetu

1/ Kila msimu wa kampeni lazima usikie hii: "Watu wa kaunti jirani wanatumalizia dawa na ambulensi, na hawalipi chochote!" Umati unashangilia. Mimi nasomea sayansi ya siasa, na naona lalamiko hili lina ukweli ndani yake. Shida ni suluhisho linalofuata. Wacha tulifungue polepole.

2/ Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaipa kaunti hospitali za kaunti na huduma za ambulensi. Serikali ya kitaifa inabaki na sera za afya na hospitali za rufaa za kitaifa. Kwa hivyo tuna kaunti 47, na kila moja inapanga bajeti yake. Lakini ajali haijui mpaka.

3/ Angalia Pwani. Hospitali Kuu ya Pwani iko chini ya kaunti ya Mombasa, lakini inapokea wagonjwa kutoka Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Sasa geuza. Basi likianguka karibu na Voi, majeruhi wanakimbizwa hospitali ya Voi, ya kaunti ya Taita Taveta, hata kama abiria wengi ni wa Mombasa. Leo wewe ni mwenyeji, kesho ni mgeni.

4/ Kitu kimoja hakina mjadala. Kifungu 43(2) cha Katiba kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inarudia hivyo hivyo, na inaweka adhabu kwa kituo kinachokataa. Kwa hivyo mwanasiasa akisema "wazuiwe langoni mpaka kaunti yao ilipe", anakuomba ushangilie uvunjaji wa sheria. Serikali zidaiane zenyewe. Mgonjwa asiwe rehani.

5/ Sasa pesa. Gharama ya ambulensi ni mbili. Ya kwanza ni ya kuwa tayari: dereva, mhudumu wa dharura, bima ya gari. Hiyo unalipa hata simu isipolia mwezi mzima. Ya pili ni ya safari: mafuta, oksijeni, glavu, matairi.

6/ Hesabu ya mfano tu, sio ya kaunti halisi. Kaunti mbili zinashiriki ambulensi ya Sh600,000 kwa mwezi: Sh400,000 za kuwa tayari, Sh200,000 za safari. Kubwa ina watu 900,000, Ndogo 300,000. Safari zikigawanyika nusu kwa nusu, Ndogo italipa:
• Kwa idadi ya watu: Sh150,000
• Kwa safari: Sh300,000
• Kwa mchanganyiko (utayari kwa watu, safari kwa matumizi): Sh200,000

7/ Mimi naunga mkono mchanganyiko. Ukilipisha kila kitu kwa safari, kuna siku mama atavuja damu baada ya kujifungua, usiku wa manane, na mtu atasita kupiga simu kwa sababu bajeti imeisha. Ukilipisha kwa idadi ya watu pekee, Ndogo haina haraka ya kujenga chumba chake cha upasuaji, maana Kubwa inabeba mzigo.

8/ "Si kuna mfuko wa kitaifa?" Upo. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 iliunda Mfuko wa Dharura, Magonjwa Sugu na Mahututi. Lakini kulipia mgonjwa aliyetibiwa ni kitu kimoja. Mshahara wa dereva aliyekesha akingoja simu ambayo haikuja ni kitu kingine, na huo kaunti lazima iupangie.

9/ Na njia ya kisheria ipo. Kifungu 189(2) kinaruhusu kaunti kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Hakuna haja ya kubadilisha Katiba. Kinachohitajika ni magavana kuketi, kuandika mkataba, na mabunge ya kaunti kutenga pesa.

10/ Kwa hivyo akisimama jukwaani kulaumu jirani, muulize:
• Mkataba uko wapi, na unalipia utayari au safari pekee?
• Nani anahesabu safari, na hesabu hiyo wananchi wanaiona?
• Jirani akichelewa kulipa, ambulensi bado itaenda?

Jibu la swali la mwisho likiwa "hapana" au "tutaona", hapo hakuna mpango wa afya. Ni kelele za kura tu.