DESEMBA NI MWEZI WA KUSHIKA KALAMU

Watu wengi wapendao kuandika hulalamika kwamba hawana la kuandika. Mkulima husema, "Mimi nalima tu, nina habari gani?" Karani naye husema kwamba kutwa nzima huandika barua za watu wengine, na akifika nyumbani hana neno lake mwenyewe. Lakini mwezi wa Desemba ufikapo, ni vigumu mtu katika Kenya kusema kwa haki kwamba amekosa habari. Shule zimefungwa, arusi ni nyingi, Sikukuu ya Jamhuri na Krismasi zinafuatana, na waliotawanyika mijini kwa ajili ya kazi hurudi kwao. Nyumba iliyokuwa na wazee wawili tu mwezi wa Septemba sasa ina watu ishirini, na kila mmoja amekuja na habari zake.

Deni Lisilolipika

Nitaeleza kosa letu wenyewe, ili wengine wapate kujifunza. Mwezi wa Desemba 1994 jamaa zetu walikusanyika kwa arusi ya kaka yangu. Jioni, wageni walipokwisha kuondoka, Babu alianza kusimulia habari za vita. Alikuwa askari wa Keya katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, na Desemba ya mwaka 1944 ilimkuta Burma, kwenye mto Chindwin. Alisema kwamba kabla ya kufika mtoni alishikwa na homa kali hata akashindwa kusimama, na askari mwenzake akambeba mgongoni mpaka kwa daktari. Alitutajia jina la mtu yule na kijiji chake, akatuagiza, "Nikifa, watafuteni watoto wake mkawashukuru."

Sote tulisikia, wala hapana aliyeandika. Babu alifariki mwezi wa Machi uliofuata. Leo ndugu mmoja asema mtu yule alitoka Machakos, mwingine asema ni Kitui, na jina tumelisahau kabisa. Shukrani tunayo, wa kumpa hatumjui. Na linalotutia haya zaidi ni hili: daftari la michango ya arusi ile lipo mpaka leo sandukuni, na ukilifungua utaona nani alitoa mbuzi na nani alitoa shilingi mia.

Mambo ya Nyumbani Si Madogo

Wengine hudhani kwamba mambo ya jamaa hayastahili kuandikwa. Sivyo. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka aliyetawala Siyu katika kisiwa cha Pate, alikuwa mgonjwa. Akamwita binti yake akae karibu naye, achukue wino na karatasi, amsikilize. Jambo lile lilikuwa la mama na mwanawe tu, lakini utenzi uliotokana nalo unasomwa hata leo. Shaaban Robert naye, alipoandika Maisha Yangu, hakuona haya kuandika habari za mkewe na watoto wake.

Namna ya Kuanza

Basi, nunua daftari ndogo uitie mfukoni kabla ya kupanda gari kwenda nyumbani. Tarehe 12, watu wakitoka kusikiliza hotuba, mwulize mzee swali moja: "Nyanya, ulikuwa wapi usiku ule bendera ya Kenya ilipopandishwa mwaka 1963?" Aliyekuwa na miaka 15 wakati ule sasa amepita 75, wala hatuna Desemba nyingi za kumwuliza. Usimwulize habari za Serikali. Mwulize alivaa nini, alikula nini, na nani alikuwa karibu naye.

Siku ya Krismasi usijaribu kuandika kila kitu. Chagua jambo moja: namna mama alivyogawa nyama, au kiti cha aliyefariki mwaka huu, ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia. Kwenye arusi, sikiliza maneno ya wazee wanapowausia maarusi. Andika usiku ule ule kabla ya kulala, maana kesho utakumbuka maana ya maneno, lakini maneno yenyewe yatakuwa yamekwenda. Majina ya watu na ya mahali yaandike kwanza, kisha mwombe mwenyewe akuhakikishie kwamba hukukosea.

Sikukuu zikiisha utakuwa na mbegu za kutosha mwaka mzima. Moja itakuwa hadithi, nyingine shairi, nyingine barua tu kwa mtoto wako. Na hata zisipoota zote, zitakuwa akiba ya watu wa nyumbani mwako.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tuliandika mbuzi, tukaacha jina la mtu aliyemwokoa Babu.