Usalama wa Dawa za MS kwa Wajawazito: Suala la Tiba na la Lugha

Utangulizi

Maltipo sklerosisi, maradhi yanayofahamika kwa kifupi kama MS, hutokea pale kinga ya mwili inapoushambulia utando wa mayelini unaofunika mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo. Palipoharibiwa hubaki makovu, na kutokana na hayo mgonjwa hupata ganzi, huona ukungu, hulegea miguu au huchoka kupita kiasi. Mwaka 2020 ilikadiriwa kuwa watu milioni 2.8 duniani waliishi na MS, wanawake wakiwa angalau mara mbili ya wanaume. Wengi hugunduliwa kati ya umri wa miaka 20 na 40, ambao ndio umri wa kuzaa.

Maradhi haya ni nadra zaidi karibu na Ikweta, na watafiti huhusisha jambo hilo, kwa sehemu, na wingi wa jua na vitamini D. Naro Moru, mji mdogo ulio chini ya Mlima Kenya katika Kaunti ya Nyeri, uko kusini kidogo mwa Nanyuki, ambako Ikweta hupita. Hata hivyo, uchache wa wagonjwa una gharama yake: ugonjwa usioonekana mara kwa mara hauelezwi mara kwa mara. Mwanamke wa Naro Moru akiupata, huenda akalazimika kusafiri zaidi ya kilomita 150 hadi Nairobi kumwona daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Huko hupewa dawa ambayo karatasi yake ya maelezo imeandikwa Kiingereza, ilhali nyumbani huzungumza Kigikuyu na sokoni Kiswahili. Makala haya yanakusudia kueleza kinachojulikana kuhusu dawa hizo na ujauzito, na nafasi ya lugha katika suala hilo.

Mimba na Mwenendo wa Maradhi

Kwa muda mrefu katika karne ya 20, wanawake wenye MS walishauriwa wasizae. Ushauri huo ulitikiswa na utafiti ulioongozwa na Christian Confavreux wa Ufaransa na kuchapishwa mwaka 1998. Wanawake 254 kutoka nchi 12 za Ulaya walifuatiliwa. Katika mwaka uliotangulia mimba, maradhi yalirejea kwa wastani wa mara 0.7 kwa kila mwanamke. Katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, kiwango hicho kilishuka hadi mara 0.2 kwa mwaka. Katika miezi mitatu ya kwanza baada ya kujifungua kilipanda hadi 1.2. Ni dhahiri, basi, kuwa mimba yenyewe si adui wa mama. Kipindi cha kuangaliwa zaidi ni kile kinachofuata uzazi.

Dawa Hazilingani

Glatirama na interferoni beta ndizo dawa za MS zilizotumika kwa miaka mingi zaidi. Rekodi za wajawazito waliozitumia hazikuonyesha ongezeko la watoto wenye kasoro, na mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Ulaya iliondoa katazo la interferoni beta kwa wajawazito, ikiruhusu itumike inapohitajika. Mwaka huohuo, mamlaka hiyo ilipiga marufuku fingolimodi kwa wajawazito. Dawa hiyo inapaswa kuachwa miezi miwili kabla ya kushika mimba. Kladiribini nayo hudai miezi sita baada ya kipimo cha mwisho. Teriflunomaidi, iliyodhuru vijusi vya wanyama katika majaribio, yaweza kukaa mwilini hadi miaka miwili isipoondolewa kwa kolestiramini au mkaa wa dawa.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za MS katika orodha yake ya dawa muhimu kwa mara ya kwanza: glatirama, kladiribini na rituksimabu. Hivyo, katika orodha moja zimo dawa inayoweza kuendelea wakati wa mimba na nyingine isiyofaa kabisa.

Lugha ya Tahadhari

Tuchunguze kauli mbili: “dawa hii haijathibitishwa kuwa salama” na “dawa hii imethibitishwa kuwa si salama.” Katika kauli ya kwanza, ukanushi umo katika kitenzi, na kiambishi -ja- huashiria kwamba jambo bado linasubiriwa. Katika ya pili, uthibitisho umekwisha kupatikana, na kinachokanushwa ni usalama. Interferoni beta ilikaa miaka mingi katika kauli ya kwanza. Fingolimodi imo katika ya pili. Mfasiri akizichanganya, mama aweza kuacha dawa inayomfaa au kuendelea na inayomdhuru mtoto.

Aidha, neno “maradufu” huhitaji tarakimu. Kwa kawaida, watoto 2 hadi 3 katika kila 100 huzaliwa na kasoro kubwa. Fingolimodi huongeza idadi hiyo takriban mara mbili, yaani kufikia 4 hadi 6. Hatari hiyo ni kubwa kiasi cha kuizuia dawa, lakini haimaanishi kuwa kila mtoto ataathirika.

Hali kadhalika, agizo “acha dawa” peke yake halitoshi. Fingolimodi ikikatizwa ghafla, maradhi yaweza kurudi kwa ukali kuliko awali. Mwanamke aliyeshika mimba bila kupanga anapaswa kumwona daktari mara moja, ili apangiwe namna ya kuiacha na tiba ya kuchukua nafasi yake.

Hitimisho

Maelezo ya Kiswahili ya dawa hizi yanapaswa kujibu maswali matatu: je, madhara yamethibitishwa au hayajachunguzwa vya kutosha? Dawa iachwe muda gani kabla ya mimba? Tiba gani itamlinda mama baada ya kujifungua? Majibu ni ya madaktari, lakini sentensi zitakazoyafikisha Naro Moru bila kupotoshwa ni kazi ya wanaolisomea Kiswahili.