Zana za Kufundishia Kusoma Kiswahili: Kozi ya Uzamili ya Mtandaoni na Mwalimu wa Bonde la Kilombero

1.0 Utangulizi

Tangu Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilipoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, mwalimu anayefanya kazi mbali na Dar es Salaam halazimiki tena kuliacha darasa lake ili apate shahada ya juu. Masomo yaliyokuwa yakimfikia kwa vijitabu na posta sasa humfikia zaidi kwa mtandao, hasa baada ya mkongo wa baharini wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009 na ule wa EASSy mwaka uliofuata. Mwalimu wa shule ya msingi mjini Ifakara anaweza kusoma kozi ya uzamili kuhusu zana za kufundishia kusoma, akafanya kazi zake usiku na kuingia darasani asubuhi.

Hili ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, linazua swali ambalo wanaisimu hawana budi kulijibu: je, maarifa anayoyapata mwalimu huyo yanahusu kusoma Kiswahili, au yanahusu kusoma Kiingereza na kuhamishiwa kwa Kiswahili bila kupimwa? Mhadhara huu unatetea hoja kwamba sehemu kubwa ya nadharia ya zana za kusoma imejengwa juu ya othografia ya Kiingereza, na kwamba vipimo vyake vikitumiwa kama vilivyo katika madarasa ya Bonde la Kilombero, mtoto asiye na kasoro huweza kuhesabiwa kuwa mzito, na kitabu kizuri kuhesabiwa kuwa kigumu.

2.0 Kinachofundishwa katika kozi za zana za kusoma

Kozi nyingi za aina hii hutegemea nguzo tano zilizotiliwa mkazo na ripoti ya jopo la taifa la usomaji la Marekani ya mwaka 2000. Nguzo hizo ni utambuzi wa fonimu, uhusiano wa sauti na herufi, wepesi wa kusoma, msamiati na ufahamu. Mwanafunzi hufundishwa pia kupanga vitabu kwa ngazi za ugumu, kuandaa orodha za maneno ya kutambuliwa kwa macho, na kupima idadi ya maneno ambayo mtoto husoma kwa usahihi katika dakika moja.

Nguzo zenyewe hazina ubaya wowote. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza kutekelezwa Tanzania mwaka 2015, uliokazia stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK, uliafikiana nazo kwa mengi. Tatizo liko katika uzito wa kila nguzo na katika vipimo vinavyotumika. Mwaka 2003 Seymour, Aro na Erskine walichapisha utafiti uliolinganisha watoto wanaojifunza kusoma lugha mbalimbali za Ulaya. Ulionyesha kuwa watoto wa Kiingereza huchukua muda mrefu zaidi kupata msingi wa kusoma kuliko wenzao ambao lugha zao huandikwa kwa kufuata sauti, kama vile Kifini. Kiswahili kiko upande wa Kifini. Kwa hiyo tiba iliyotungwa kwa ajili ya ugumu wa Kiingereza haiwezi kuchukuliwa kuwa tiba ya kila lugha.

3.0 Vipimo vitatu visivyohamishika

3.1 Ugumu wa matini

Fomula ya Rudolf Flesch ya mwaka 1948 hupima wepesi wa matini kwa kuangalia wastani wa maneno katika sentensi na wastani wa silabi katika neno. Alama inayokaribia 100 huonyesha matini rahisi sana; alama iliyo chini ya 30 huonyesha matini ya wasomi. Chukua sentensi ambayo kila mtoto wa Kilombero anaielewa: *Baba anapalilia mpunga.* Ina maneno 3 na silabi 11. Ikipitishwa katika fomula hiyo, inapata takriban 106 chini ya sifuri. Yaani sentensi ya mtoto wa darasa la kwanza inahukumiwa kuwa ngumu kuliko maandishi ya wanasheria!

Sababu si siri. Kiswahili ni lugha ambishi. Neno *hatutawapikia* lina mofimu saba, ha-tu-ta-wa-pik-i-a, na wazo lake kwa Kiingereza huhitaji maneno sita. Urefu wa neno la Kiswahili hutokana na sarufi ya kila siku. Mwalimu akichagua vitabu kwa kuhesabu silabi za neno, ataondoa vitenzi vya kawaida na kubaki na orodha za nomino fupi zisizosimulia kitu.

3.2 Maneno ya kutambuliwa kwa macho

Mwaka 1936 Edward Dolch alitoa orodha ya maneno 220 ya Kiingereza yanayorudiarudia sana, ambayo mengi hayasomeki kwa kufuata sauti za herufi zake. Kuyakariri kwa sura kuna maana kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili, maneno machache yasiyobadilika kama *na*, *ni* na *kwa* yanaweza kuingia katika orodha kama hiyo, lakini yote husomeka kwa sauti zake. Vitenzi havikai katika umbo moja: *analima, walilima, hatutalima, tulimiwe*. Mtoto aliyekariri sura ya *analima* hajapata msaada mkubwa anapokutana na *hatutalima*. Anachohitaji ni kuliona shina *lim-* na viambishi vinavyolizunguka. Kadi zinazoonyesha shina moja likivaa viambishi tofauti zingemfaa zaidi kuliko kadi mia za maneno yaliyotengana.

3.3 Maneno kwa dakika

Kipimo cha EGRA, kilichobuniwa na shirika la RTI mwaka 2006 na kutumiwa Tanzania mwaka 2013, huhesabu maneno yanayosomwa kwa dakika. Kikitumiwa ndani ya lugha moja, kina manufaa. Kikitumiwa kulinganisha lugha, kinapotosha, kwa kuwa anayesoma neno moja la Kiswahili huenda amesoma kinachoandikwa kwa maneno matatu au zaidi mahali pengine. Shabaha ya kasi iliyowekwa kwa Kiingereza haifai kuwa fimbo ya kumchapia mtoto wa Mlimba.

4.0 Ugumu halisi wa kusoma Kiswahili

Kusema kwamba Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa si kusema kwamba kusoma Kiswahili hakuna kazi. Katie Alcock na Damaris Ngorosho, katika utafiti wao wa makosa ya tahajia ya watoto uliochapishwa mwaka 2003, walionyesha kuwa hata lugha yenye tahajia ya utaratibu haiandikiki bila jitihada. Ugumu upo, lakini haupo mahali ambapo kozi za Kiingereza humwelekeza mwalimu autafute.

Ugumu wa kwanza ni wa nazali. Herufi *mbu* peke yake ni neno lenye silabi mbili, m-bu, lakini katika *mbuzi* herufi hizohizo ni silabi moja, mbu-zi. Na katika *mbuyu* nazali husimama tena peke yake, m-bu-yu. Maandishi hayamwonyeshi mtoto tofauti hiyo. Ni ujuzi wake wa lugha unaomwongoza. Katika bonde hili mfano huu si wa kubuni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wa vyandarua katika wilaya za Kilombero na Ulanga uliuza vyandarua kwa jina la *Zuia Mbu*. Jina hilo la maneno mawili lina irabu tatu katika neno la kwanza, *zu-i-a*, ambazo zote zimefuatana, na nazali inayounda silabi katika neno la pili. Ni somo kamili la kusoma.

Ugumu wa pili ni wa lugha za nyumbani. Katika Bonde la Kilombero husemwa Kipogoro na Kindamba, ambazo Guthrie aliziweka katika G51 na G52, pamoja na Kimbunga (P15), Kihehe (G62) na Kibena (G63). Wafugaji wa Kisukuma wamehamia humo, na mashamba ya miwa yamevuta wafanyakazi kutoka mikoa mingi. Wenyeji wenyewe huita lugha zao Chipogolu na Chindamba. Kiambishi *chi-* cha nyumbani kinakutana na *ki-* cha kitabuni. Jina Kipogoro huandikwa pia Kipogolo, jambo linaloonyesha jinsi *r* na *l* zinavyopishana. Mtoto anayeandika *kurara* kwa *kulala* anaandika anachokisikia. Kosa lake lina mantiki, na zana inapaswa kumfunza tofauti hiyo waziwazi badala ya kumwekea alama ya mkosaji.

Ugumu wa tatu, ambao ndio mkubwa kuliko yote, ni wa ufahamu. Kwa kuwa tahajia ni wazi, mtoto anaweza kuusoma ukurasa mzima kwa sauti bila kuelewa. Uimbaji wa *ba, be, bi, bo, bu* huweza kuendelea bila jicho kutazama herufi. Tathmini za Uwezo, zilizoanza kutolewa Tanzania mwaka 2010, zilionyesha kuwa watoto wengi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Zana zinazoishia kwenye silabi haziwezi kuziba pengo hilo. Matini zenye maana, tena nyingi, ndizo zinazohitajika.

5.0 Ngazi za matini kwa kutumia mazingira ya bonde

Badala ya fomula ya kuhesabu silabi, inapendekezwa kwamba matini za Kiswahili zipangwe kwa aina ya silabi, kisha kwa wingi wa viambishi, kisha kwa msamiati. Ramani ya bonde lenyewe inatosha kuonyesha ngazi nne za mwanzo:

(a) Silabi za irabu, au za konsonanti moja na irabu: Idete, Ifakara, Kidatu, Lupiro, Kiberege.
(b) Konsonanti zinazoandikwa kwa zaidi ya alama moja: Malinyi, Mang'ula.
(c) Nazali iliyoungana na konsonanti: Mbingu, Ulanga.
(d) Nazali inayounda silabi: Mlimba, Mngeta, Mchombe.

Mtoto aliyewahi kupanda treni ya TAZARA ameyasikia baadhi ya majina haya yakitajwa. Mang'ula na Mngeta yakiwekwa pamoja ubaoni yanafundisha tofauti ya *ng'* na *ng* kuliko maelezo marefu. Baada ya majina huja maneno ya maisha: *perege*, *sheshe*, *mpunga*, *mtumbwi*. Baada ya maneno huja hadithi.

Matini hizo zinapaswa pia kufuata kalenda ya bonde. Msimu wa mpunga baadhi ya familia huhamia mashamba ya mbali na kukaa katika madungu, na mtoto huenda nazo. Kitabu kikubwa kinachobaki kabatini shuleni hakimsaidii mtoto huyo. Kijitabu chepesi cha kurasa nane, chenye hadithi anayoweza kumsomea mdogo wake, kinaweza kusafiri naye.

Wapo watakaosema kwamba matini za mahali zitamfungia mtoto kijijini na kuvunja umoja wa Kiswahili Sanifu. Hoja hiyo ina uzito, lakini historia inaijibu. Mradi wa elimu ya watu wazima ulioendeshwa na serikali pamoja na UNESCO katika mikoa ya Ziwa Victoria kuanzia mwaka 1968 ulitumia vitabu vya kusomea vilivyojengwa juu ya kazi za wasomaji, zikiwamo kilimo cha pamba na ufugaji. Mada zilikuwa za mahali. Lugha ilikuwa Kiswahili cha taifa zima. Matini ya mahali ni daraja la kukifikia kitabu cha taifa. Haikusudiwi kukiondoa.

6.0 Kozi inayomfaa mwalimu

Kwa kawaida katika vyuo vikuu vya Tanzania, shahada za uzamili za elimu hufundishwa kwa Kiingereza, na zile za Kiswahili hufundishwa kwa Kiswahili. Matokeo yake ni kwamba anayesomea ufundishaji wa kusoma hakutani na fonolojia ya Kiswahili, na anayesomea fonolojia ya Kiswahili hakutani na mtoto wa darasa la kwanza. Mwalimu wa Ifakara huachiwa aunganishe mwenyewe, peke yake, usiku, mbele ya kioo cha simu.

Kozi ya mtandaoni ina nafasi nzuri ya kuliziba pengo hili, kwa sababu mwanafunzi wake hajaondoka darasani. Kazi zake zaweza kuwa hizi: kukusanya makosa ya tahajia ya wanafunzi wake na kuyachambua kifonolojia, kupanga kitabu kimoja kwa ngazi zilizotajwa, kutunga kijitabu, kukijaribu kwa watoto, na kukisahihisha. Malighafi ipo. Mpango wa TESSA, ulioanza mwaka 2005, una masomo ya walimu kwa Kiswahili, na African Storybook ya taasisi ya Saide ya Afrika Kusini hutoa hadithi kwa leseni huria inayomruhusu mwalimu kuzirekebisha na kuzichapisha. Faili ziwe nyepesi, za kupakuliwa mara moja na kusomwa bila mtandao, ili bei ya kifurushi isiwe ndiyo mtihani wa kuingia.

7.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kuwa nguzo za kusoma ni za wote, lakini vipimo vyake vina lugha vilikozaliwa. Idara za Kiswahili na vitivo vya elimu zinashauriwa kutunga kwa pamoja kozi ya zana za kusoma Kiswahili, ifundishwe kwa Kiswahili, na iwe na vipimo vilivyotokana na silabi, viambishi na ufahamu wa lugha hii. Hilo likifanyika, mwalimu ataweza kutofautisha mtoto asiyejua kusoma na mtoto aliyepimwa kwa kipimo kisicho chake. Lisipofanyika, shahada zitaongezeka, na mtoto anayesoma *Baba anapalilia mpunga* bila kusita ataendelea kuandikwa katika daftari la wasioweza.