Ini Limetupwa, Mwenye Ng'ombe Hana Habari

Ukinunua nyama Ogembo, Nyamira au Kisii mjini, utaona alama ya wino kwenye paja lililotundikwa buchani. Maana yake ni kwamba mkaguzi alimtazama ng'ombe huyo akiwa hai, akamkagua tena akiwa amechunwa, akaridhika. Nimegonga mhuri huo katika vichinjio vya kaunti za Kisii na Nyamira, hapa Gusii, mpaka nikastaafu, na hadi leo ninautetea: nyama yenye mhuri, kula. Ila mhuri hausemi ng'ombe alitoka kwa nani, na mara nyingi hata anayeugonga hajui.

Kazi yenyewe ni ya kisu na vidole. Kwa ng'ombe tunaanzia kichwani. Unapasua tezi za koo, kisha misuli ya taya, ukitafuta vifuko vya tegu: vilengelenge vyeupe vyenye maji, visivyofika hata sentimita moja. Ulimi unaupapasa, moyo unaufungua, mapafu unayabonyeza kote. Ini unalikata kwenye mirija ya nyongo na kulikamua, na kama lina minyoo, wanatoka wakijikunja, bapa, pamoja na uchafu wa kahawia. Ini hilo haliendi buchani. Linamwagiwa dawa ya kuliharibu ili lisitokee tena mjini kwa mlango wa nyuma, kisha linatupwa shimoni. Mwenye bucha ananuna, tunaendelea na ng'ombe mwingine.

Mtu aliyepaswa kuliona ini hilo, yaani aliyemfuga ng'ombe, hakuwepo. Minyoo ya maini hupitia kwa konokono wa maji, nao wanapenda mabonde yenye tope. Gusii yote ni vilima na mabonde. Shamba la mtu linaanzia barabarani juu na kuishia kijitoni chini, ekari moja au mbili: juu chai na ndizi, chini napia. Kiangazi kikikaza, ng'ombe anafungwa kule chini kwenye ubichi. Sasa mtu huyu ameuza maksai, ini lake limetupwa, na nyumbani amebaki na ng'ombe wawili wa gredi wanaokula na kunywa pale pale. Maziwa yanapungua, yeye analaumu lishe.

Kesi ya tegu ni nzito zaidi, maana chanzo chake ni binadamu. Mtu ana mnyoo tumboni, mayai yanatoka na choo, yakifika kwenye majani ng'ombe anayala, vifuko vinajijenga kwenye misuli, na mlaji wa nyama isiyoiva anaupata mnyoo upya. Kwa hiyo kisu kikikuta vifuko tayani, kimegundua jambo kuhusu boma fulani: choo chao kina kasoro, au kuna mtu anayehitaji dawa. Boma lipi? Namuuliza kijana aliyemleta ng'ombe:

"Omomura, huyu umemtoa wapi?"

"Nyangusu, daktari." Kwetu kila mwenye gambuti na koti jeupe ni daktari.

"Kwa nani?"

"Kwa broka."

"Na yeye je?"

"Labda Transmara. Labda huku huku kwetu. Soko si unalijua, daktari."

Ninalijua. Nyangusu iko mpakani, Wagusii upande huu, Wamaasai wa Transmara upande ule, na ng'ombe mmoja anaweza kupita mikononi mwa mabroka watatu kabla jua halijawa kali.

Si kwamba karatasi hazipo. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Nyama tangu 1972, tuna kibali cha kusafirisha mifugo kutoka ofisi ya mifugo, na watu wengi hubeba pia barua ya chifu. Lakini kibali kitakwambia "ng'ombe watano, wekundu". Wekundu! Simama siku ya soko uhesabu wekundu. Tena tangu 2013 huduma za mifugo ziko chini ya kaunti, na mji wa Keroka umegawanywa kati ya Kisii na Nyamira, kwa hiyo ng'ombe anaweza kubadilisha kaunti bila kutoka mjini.

Tulikuwa na kumbukumbu bora kuliko hizo. Wazee wa Gusii walijua ng'ombe walioletwa kwa mahari ya dada ndio kaka aliooa nao, na wangekutajia huyu alitoka ukoo gani na ndama wake yuko kwa nani. Kabla Waingereza hawajazivunja ebisarate, zile kambi ambamo vijana walilala wakilinda mifugo, mwanzoni mwa miaka ya 1910, hakuna aliyehitaji daftari kumjua ng'ombe wake. Siku hizi ng'ombe anauzwa kwa mtu usiyemjua, naye anamuuza kwa mwingine. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Daftari la kisasa ni hereni ya sikioni mwa ng'ombe. Ndani yake kuna kifaa kidogo kisicho na betri, kinachoamka kisomaji kinapokaribia na kutaja namba ya tarakimu 15. Tarakimu tatu za mwanzo zinaweza kuwa za nchi: Kenya ni 404, Tanzania ni 834. Namba yenyewe haina maana mpaka ifungwe kwenye rekodi: alizaliwa wapi, mama yake nani, alichanjwa lini, aliuzwa kwa nani, alichinjiwa wapi.

Uingereza walilazimika kuanza rekodi hizo. Mwaka 1996 serikali yao ilikiri kwamba huenda kichaa cha ng'ombe kimewafikia watu, na kuanzia Julai mwaka huo kila ndama aliyezaliwa alipewa pasipoti. Botswana, wanaouza nyama Ulaya, walianza na kidonge cha kauri kinachomezeshwa na kubaki tumboni, ambacho mwizi hawezi kukikata kama sikio, na baadaye wakahamia hereni. (Kwa mpango wa kidonge, muosha matumbo ndiye angekuwa karani wetu.) Tanzania ilitunga sheria ya utambuzi na ufuatiliaji wa mifugo mwaka 2010, na Juni 2025 Rais Samia akazindua huko Bariadi kampeni ya chanjo na hereni kwa pamoja. Kenya nayo ina mfumo wa ANITRAC wa kusajili wanyama, na KABS, ambao maofisa huutumia kuripoti magonjwa kwa simu.

KABS ninaisifu, ila ona inapokwama. Ripoti itasema maini kadhaa yametupwa katika kichinjio fulani. Ng'ombe asipokuwa na namba, ripoti haiwezi kusema ni bonde la nani.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaouza habari ya hereni kwa kutaja soko la Ulaya. Mtu wa Nyamaiya mwenye ng'ombe wawili hauzi kitu Ulaya. Wizi, sawa: mtu wa Borabu aliye karibu na mpaka wa Sotik atakusikiliza haraka. Lakini faida kubwa kwetu ni habari irudi nyuma. Kisomaji kisome namba kichinjioni, mkaguzi aandike alichokiona, na ujumbe umfikie aliyemfuga: maksai wako alikuwa na minyoo ya maini, wape dawa waliobaki, usiwafunge bondeni. Simu ya kawaida inatosha. iCow imekuwa ikiwatumia wafugaji wa Kenya ujumbe mfupi kuhusu ng'ombe wao tangu 2011.

Kuna pia jambo ambalo kisu hakilioni kabisa. Ng'ombe anaugua, anapigwa sindano ya tetrasaiklini ya agroveti, hapati nafuu, anauzwa upesi kabla hajafa. Chupa huandikwa siku za kusubiri kabla ya kuchinja, na kwa dawa nyingine zinafika 28. Nyama yake haionyeshi dalili yoyote. Bila rekodi ya matibabu, mkaguzi atagonga mhuri kwa nia njema.

Wafugaji wana hofu, na si ya kijinga. Mwishoni mwa 2024 serikali ilipotangaza kuchanja ng'ombe milioni 22 dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo, minong'ono ilienea haraka kuliko chanjo yenyewe. Hereni nayo itaulizwa: je, ni kodi? Je, tegu likionekana, nitashtakiwa? Mfumo ukianza kwa faini, watu watazing'oa hereni usiku wa kuamkia soko, nami sitawalaumu. Ujumbe wa kwanza uwe wa dawa na ushauri, na jina la boma lisisomwe kwenye baraza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ipo, itumike hata kwa mwenye ng'ombe mmoja.

Kwako unayeuza ng'ombe wiki hii, hereni isingojewe. Chukua karatasi, andika jina lako, kijiji, namba ya simu, na sindano ya mwisho ilipigwa lini. Mpe mnunuzi, mwambie aifikishe kichinjioni. Na kwa wakubwa wa Kisii na Nyamira: mkinunua hereni, nunueni na visomaji vya wakaguzi, na msisahau kuweka namba ya simu ya mfugaji kwenye rekodi.